Bei ya Barafu

Saa kumi na moja alfajiri, soko la Sahare, Tanga,
gari la kiwanda linashusha mabonge kumi na manne.
Nayapokea kwa gunia, nayavika pumba za mbao.
Kazi yangu ni kukimbizana na jua.
Umeme ukikatika Chumbageni, anayevuja ni mimi.

Ndugu yangu Hoza anakaa kaskazini ya Kanada,
mahali ambapo barafu hainunuliwi.
Wanaikanyaga. Wanaendesha gari juu yake.
Maziwa kule, anasema, ni mengi hata majina yamewaishia,
mengine wanayapa namba
kama barabara zetu za Ngamiani.
Yeye Jumapili huvua kwenye la Kumi na Saba,
nami hucheka, maana Kumi na Saba ndiko tulikozaliwa,
nyumba ya tatu, mkabala na mashine ya kusaga.

Januari kanitumia video.
Kapiga magoti, kavaa makoti matatu,
anazungusha keekee refu kuliko yeye.
Keekee! Kama fundi Mkomwa anatoboa mlango atie kitasa.
Unga mweupe ukaruka, ukaruka,
halafu maji yakapanda meusi, yakatulia
kwenye tundu lisilozidi sufuria ya wali.
Akageuza ndoo, akaikalia.
Kimya.
Dakika nane ni mgongo wa mtu na ndoo.

Wachuuzi walishanizunguka.
"Anangoja nini huyu?"
"Mkewe kamfungia nje."

Mshipi ukashtuka.
Akavuta kwa viganja, taratibu, kama anayeteka kisimani,
na tunduni akatokea trauti,
madoa mgongoni, mkia unaipiga theluji makofi.
Shekue mnadi hakujizuia,
akagonga kidole kwenye kioo cha simu yangu:
"Elfu ishirini! Na mbili! Mama wa khanga ya bluu, na tano?"
Mama wa khanga ya bluu akasema na tano.
Wallahi, samaki wa Kanada aliuzwa Sahare.

Samaki mkunje angali mbichi, tunasema,
lakini baridi ya kule haingoji methali:
yule wa kwanza, aliyelazwa pembeni ya ndoo,
alikuwa keshakuwa ubao.

Na huyu wa pili Hoza akamshika, akamtazama,
akamrudisha tunduni.

Soko zima: "Aaaah!"
Shekue akanidai mimi fedha za mteja.

Usiku nikamwuliza, Hoza, kwani umeshiba?
Akasema kwenye friji wamo tisa.
Sivui kwa ajili ya chungu, dada.
Nikishatoboa, nikaona maji yanatembea huko chini,
basi, wiki inapita.
Akanyamaza. Kisha akauliza
ukwaju siku hizi unauzwaje.

Nilikuwa nimesahau kwamba huyu ndiye aliyeuza barafu za ukwaju
darasa la nne, chupa ya chai ya Mama imejaa vijifuko,
vidole vimekufa ganzi,
"Hamsini! Hamsini!" kwenye uzio wa shule, Makorora,
akirudi jioni na ulimi wa kahawia
na hesabu pungufu.

Kilo moja nikampa mtoto wa Bi Nyamvula
aliyekuwa anasafiri kwenda kusoma upande huo.
Wiki sita. Ikaja picha:
theluji, ndoo ileile, na juu yake
vijifuko ishirini vimegandishwa na upepo tu,
bila friji, bila kiwanda, bila deni la umeme,
na kipande cha boksi kakiandika kwa makaa: HAMSINI.
Nyuma yake ziwa namba Kumi na Saba,
jeupe mpaka lilipokutana na mbingu,
na mteja hata mmoja.

Jua lilishapanda. Mabonge yalikuwa yanatoka jasho.
Nikafuta mikono kwenye khanga, nikaandika:
Niwekee mbili.
Na hesabu isipungue.